Skrambla Inakataa Gia: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Klachi na Gia

Kibanda chetu kiko Mamboleo, Kisumu, pale barabara ya Miwani inapochomoka kutoka ile ya Kakamega. Kwa mahali tulipo, tunaletewa kila aina ya ugonjwa. Kutoka uwanda wa Kano zinakuja skrambla (pikipiki za njia mbovu) zimevaa matope meusi mpaka injini haionekani. Kutoka Kajulu na miinuko ya Nandi zinakuja zikinuka klachi iliyoungua. Wenyewe ni maafisa wa mifugo na kilimo, watu wa mashirika, na vijana wanaopanda milima Jumapili kwa kujifurahisha. Karibu wote hufika na sentensi moja: "Fundi, giaboksi imekufa."

Mara nyingi giaboksi haina hata homa. Maswali haya tumeyaandika kwa mpangilio tunaoufuata mezani: tunaanza kwenye mkono wa dereva, tunafuata kebo, tunaingia kwenye klachi, na giaboksi tunaifungua mwisho kabisa, tena kwa huzuni.

Nitajuaje kama ugonjwa uko kwenye klachi au kwenye gia zenyewe?

Zima injini kwanza. Kaa juu ya piki, tia gia ya kwanza, kisha isukume kwa miguu mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukipandisha: ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Halafu shusha zote. Kusukuma ni lazima, kwa sababu gia hizi haziingii vizuri zikiwa zimesimama kabisa. Vidole vya pembeni vya gia moja vinahitaji kukutana na nafasi zake kwenye gia ya jirani, na visipokutana, mguu wako unasukuma chuma juu ya chuma.

Kama zote zinaingia injini ikiwa imezimwa lakini zinagoma ikiwa imewaka, giaboksi ni nzima, klachi haikati, yaani haitenganishi injini na giaboksi. Zikigoma hata injini ikiwa kimya, tazama leva ya gia na shafti yake kabla ya kufikiria ndani. Gia ikiingia vizuri halafu ikajirukia nje ukivuta mafuta kwa mkono wa kulia, hapo ndipo neno giaboksi linaanza kutajwa. Na kama gia ziko sawa ila injini inapiga resi na mwendo hauongezeki, klachi inateleza.

Ni kazi ya dakika tano na haihitaji spana. Tunaifanya kwa kila piki inayoletwa, hata mwenyewe akiapa kwamba ameshajua tatizo. Hasa akiapa.

Kuteleza na kutokata ni vitu viwili tofauti?

Ni kinyume. Ndani ya kava ya kulia, kwa skrambla nyingi, kuna pleti zimepangwa kama chapati kwenye sahani: moja ya msuguano, moja ya chuma, moja ya msuguano, moja ya chuma. Za msuguano zimeshikwa na basketi inayozungushwa na injini. Za chuma zimeshikwa na habu inayozungusha giaboksi. Springi zinazibana zote pamoja ziende kama kitu kimoja. Ukivuta leva ya klachi kwa mkono, springi zinasukumwa nyuma, pleti zinaachana, na injini inazunguka peke yake.

Klachi inayoteleza haibani sawasawa. Klachi isiyokata haiachii sawasawa. Ya kwanza inakuumbua mlimani, ya pili inakuumbua kwenye taa za barabarani. Dawa zake pia zinapingana, ndiyo maana mtu anayekaza kebo kabla ya kujua anaumwa nini huongeza ugonjwa.

Uwanjani piki iko sawa, lakini nikipanda mlima injini inalia na mwendo haupo. Kwa nini?

Uwanjani hakuna mzigo wa kuifichua. Klachi iliyochoka bado ina nguvu ya kusukuma piki tupu kwenye tambarare ya Ahero. Ukianza kupanda Nandi na mtu nyuma, au na mtungi wa dawa ya mifugo kwenye keria, nguvu inayohitajika inazidi ile ambayo springi zinaweza kubana, na pleti zinaanza kusuguana badala ya kushikana.

Jaribu hivi: tafuta sehemu iliyonyooka, isiyo na magari. Tia gia ya juu kabisa ukiwa mwendo wa wastani, kisha fungua mafuta yote mara moja. Klachi nzima itapandisha mwendo polepole, kwa kunung'unika. Klachi mbovu itapandisha sauti ya injini ghafla huku mwendo ukibaki palepale. Usirudie mara kumi kwa kufurahia. Kila jaribio linachoma pleti.

Sababu tunazikagua kwa kufuata bei, kutoka ya bure hadi ya ghali. Kwanza plei ya leva, yaani ule mwendo wa bure kabla leva haijaanza kuvuta klachi, kwa sababu kebo iliyokazwa kupita kiasi inaiacha klachi ikiwa imevutwa nusu muda wote. Pili oili. Tatu springi, ambazo joto huzilegeza. Nne pleti zenyewe. Na kabla ya yote hayo namtazama dereva anavyoshika usukani. Kuna watu hupumzisha vidole viwili juu ya leva safari nzima, kama mtu aliyeshika bakora. Huyo atarudi baada ya miezi michache hata nikimwekea pleti za dhahabu.

Plei ya leva ni kiasi gani, na ninaipima vipi?

Kwa skrambla nyingi zenye kebo, ncha ya leva inatakiwa kusogea milimita 10 hadi 20 kabla hujahisi uzito wa springi. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha Honda na Yamaha ndogo. Kitabu cha piki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Iweke kwenye ncha ya leva, si katikati. Vuta kwa kidole kimoja mpaka uhisi ukinzani, soma. Kisha geuza usukani kushoto kabisa, pima tena, kulia kabisa, pima tena. Plei ikibadilika ukigeuza, kebo imepitishwa vibaya au imebanwa mahali, pengine nyuma ya taa au chini ya tanki. Hili la kugeuza usukani watu wengi hawalifanyi, halafu wanashangaa mbona klachi inabadilika tabia kwenye kona.

Pima injini ikiwa baridi, kisha endesha nusu saa upime tena. Klachi ikipata joto, vyuma vinatanuka na plei inabadilika.

Marekebisho yapo sehemu mbili. Ile ya juu kwenye leva ni ya kurekebisha kidogo, kwa vidole, hata ukiwa njiani. Ile ya chini kwenye injini ndiyo ya kazi kubwa. Ukiona ya juu imefunguliwa mpaka uzi umebaki robo, irudishe ndani yote na uanze upya chini. Ikibaki hivyo, leva ikigongwa skrubu inavunjika pale pale. Yamaha kadhaa ndogo zina pia alama kwenye mkono wa kusukuma klachi unaotoka kwenye injini, na alama nyingine kwenye kava, zinatakiwa kutazamana. Zisipotazamana, hutapata plei nzuri hata uzungushe skrubu za nje mpaka jioni.

Naweza kutumia oili ya gari? Ni nafuu na mwenye duka ameniambia oili ni oili.

Mwenye duka hatapanda mlima nawe.

Kwenye gari lenye klachi ya kawaida, klachi ni kavu na oili haiigusi. Kwenye skrambla nyingi, oili ile ile inalainisha injini, giaboksi, na kuogesha pleti za klachi. Oili nyingi za kisasa za magari madogo, hasa nyepesi zinazosifiwa kwamba zinapunguza matumizi ya petroli, zimetiwa viungo vya kupunguza msuguano. Kwa injini ya gari ni baraka. Kwa pleti zinazoishi kwa msuguano ni sumu.

Tazama mgongoni mwa kopo. Unatafuta neno JASO, ambalo ni shirika la viwango vya magari la Japani, likifuatwa na MA au MA2. Kiwango hicho kilianza mwaka 1998 mahsusi kwa sababu oili za magari zilikuwa zimeanza kutelezesha klachi za pikipiki. Ukiona MB, hiyo ni ya skuta na mashine zisizo na klachi ya kuoga, iache dukani. Unene, kama 10W-40 au 20W-50, ufuate kitabu.

Kama umeshatia oili mbaya na klachi imeanza kuteleza, usikimbilie kununua pleti. Mwaga, tia oili sahihi, endesha siku chache kwa upole, mwaga tena. Zisipokuwa zimeungua, mara nyingi zinarudi.

Wenye mashine za tustroki, kama zile Yamaha DT za zamani ambazo bado zinahema huko vijijini: giaboksi yenu ina oili yake, tofauti kabisa na ile inayoungua na petroli. Tumefungua DT ambazo mwenyewe alikuwa akijaza tangi la oili ya tustroki kwa uaminifu kila wiki, na giaboksi haijaonja oili mpya tangu ainunue. Baadhi ya Honda CRF za mashindano nazo zina oili mbili, ya injini na ya giaboksi, ingawa ni za fostroki.

Oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Bado naweza kuendesha?

Hapana. Hayo ni maji. Msimu wa mvua, mto Nyando ukifurika, tunaona hii kila wiki. Mtu anavuka maji yanayofika kwenye injini, mashine ya moto inapoa ghafla, na hewa ya ndani ikinywea inavuta maji kupitia mpira wa kupumulia au sili iliyochoka. Oili na maji vikipigwa pamoja vinakuwa uji, klachi inaanza kuteleza au kushikana, na beringi zinapata kutu.

Mwaga yote ikiwa ya uvuguvugu. Tia oili ya bei ya kawaida lakini yenye JASO MA, washa dakika kadhaa bila kuendesha mbali, mwaga tena. Ikitoka bado ina maziwa, rudia. Ndipo utie oili yako nzuri. Kisha tafuta maji yaliingilia wapi. Mpira wa kupumulia ukiwa unaning'inia chini karibu na bembea ya nyuma inayoshika gurudumu, upandishe juu chini ya kiti.

Kama hujavuka maji popote na oili bado ina maziwa, na injini yako inapozwa kwa maji, hilo ni la sili ya pampu ya maji au gasketi, na halihusu klachi.

Asubuhi nikitia gia ya kwanza piki inaruka mbele na kuzima. Ikishapata joto inatulia. Ni mbaya?

Rudi kwenye zile chapati. Zikilala zimepangwa, asubuhi zimeshikana. Pleti zikikaa usiku kucha, tena zaidi zikikaa wiki mbili, oili katikati yake inakuwa gundi. Unavuta klachi, springi zinaachia, lakini pleti bado zimekumbatiana, na injini inasukuma piki moja kwa moja.

Kabla ya kuwasha, tia gia ya pili, vuta klachi mpaka mwisho, isukume piki mbele na nyuma. Mwanzoni itakuwa nzito, halafu utahisi inaachia kwa ghafla. Rudi frii, pale ambapo hakuna gia iliyoingia, washa, iache ipate joto kidogo. Basi.

Ikiwa inaruka hata ikiwa na joto, siyo usingizi wa asubuhi tena. Soma swali linalofuata. Na hakikisha injini haizunguki kwa kasi ukiwa umeachilia mafuta. Skrubu ya kabureta iliyokazwa sana peke yake inatosha kufanya gia ya kwanza iingie kwa kishindo.

Nikisimama siipati frii. Nikiwa bado natembea inaingia vizuri.

Ni dalili safi kabisa ya klachi isiyokata. Hata umevuta leva mpaka mwisho, kuna pleti moja au mbili bado zinaburuta, na giaboksi iko chini ya mvuto kidogo. Frii ni sehemu nyembamba kati ya ya kwanza na ya pili. Mvuto kidogo unatosha kuificha.

Anza na plei. Kama ncha ya leva inatembea milimita 40 kabla ya kushika chochote, huo si ugonjwa, ni kebo iliyolegea. Plei ikiwa sawa, tazama kebo kama imechanika ndani. Vikiwa sawa vyote viwili, fungua kava ya kulia.

Ndani tunatazama vitu viwili. Cha kwanza ni pleti za chuma. Toa moja, ioshe, ilaze juu ya kioo cha dirisha, ibonyeze upande mmoja. Ikicheza kama kifuniko cha sufuria kilichopinda, imepinda. Viwanda vingi huweka kikomo mahali fulani kati ya milimita 0.1 na 0.3, na kinapimwa kwa kupenyeza fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia, chini yake. Iliyogeuka rangi ya buluu imeungua.

Cha pili ni kuta za basketi, na hapa ndipo penye siri ambayo mafundi wengi wa haraka hawaitafuti. Pitisha ukucha juu ya vidole vya basketi, pale masikio ya pleti yanapokaa. Kwenye basketi iliyofanya kazi sana utahisi ngazi ndogo ndogo, kama meno ya msumeno butu. Pleti zikitaka kuachana, masikio yake yananasa kwenye ngazi hizo. Unaweza kumbadilishia mtu pleti mpya mara tatu na frii isipatikane, kwa sababu pleti mpya zinanasa kwenye ngazi zile zile. Ngazi za chini ya nusu milimita huwa nazisawazisha kwa tupa laini, kidole kwa kidole, nikihesabu mipigo ili vyote vibaki sawa. Zikizidi hapo, basketi inanunuliwa.

Nilianguka upande wa kushoto. Tangu siku hiyo ya kwanza inaingia lakini ya pili haipandi.

Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa Yamaha XTZ yenye maneno hayo hayo. Nikaisikiliza kwa dakika mbili, nikatikisa kichwa kama daktari, nikafungua injini nzima. Ndani kulikuwa kusafi. Uma zinazosogeza gia zimenyooka, drami inayoziendesha uma hizo inang'aa, vidole vya gia vina kona kali. Niliirudisha siku ya tatu, na wakati wa kufunga leva ya gia, kitu cha mwisho kabisa, ndipo nikaona kwenye kava ya kushoto mkwaruzo mdogo wa ukubwa wa punje ya mchele. Leva ilikuwa imepindia ndani. Ikishuka inapita, ikipanda inagonga kava. Niliinyoosha kwa bomba la chuma, kazi ya dakika moja. Mwenyewe sikumtoza, na gasketi nililipa mimi.

Kwa hiyo: piga magoti upande wa kushoto, pandisha leva kwa mkono, tazama inagusa wapi. Tazama kama buti lako linaingia chini yake. Kwa wanaotoka Kano, chokoa matope yaliyokaukia nyuma ya leva. Udongo ule mweusi ukikauka hapo unakuwa tofali.

Kama leva imenyooka lakini imelegea kwenye shafti, kaza bolti yake. Meno yakiwa yamelika, nunua leva mpya. Tafadhali usikubali iunganishwe kwa weldingi. Joto linaua sili ya oili iliyo sentimita chache pembeni, na siku tukihitaji kufungua kava hiyo, itabidi tukate.

Shafti ikiwa yenyewe imepinda, utaiona ikiyumba ukipandisha na kushusha. Hiyo inatoka bila kugawanya injini kwa mashine nyingi.

Leva ya gia imekuwa kama kamba, inabaki juu au chini, hairudi katikati.

Springi ya kurudisha imevunjika au imetoka kwenye pini yake. Iko nyuma ya kava, upande wa klachi kwa mashine nyingi, haihitaji kugawanya injini. Mpaka ufike kwa fundi, irudishe leva katikati kwa mguu kila unapobadilisha.

Gia ya pili inaruka nikivuta mafuta. Nikiishikilia kwa mguu inatulia.

Usiishikilie kwa mguu. Hapo unabana uma ya gia dhidi ya gia inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na uma inalika kama sabuni.

Hapa ndipo giaboksi inapostahili lawama. Gia zinashikana kwa vidole vya pembeni vinavyoingia kwenye nafasi za jirani. Vikiwa vipya vina kona kali, na kwenye mashine nyingi vimelazwa kidogo ili mvuto wenyewe uzidi kuvivuta ndani. Kila badiliko la uoga, la nusu mguu, linapiga kona hizo. Zikishakuwa duara, mvuto unazisukuma nje. Ya pili ndiyo hufa kwanza kwa skrambla nyingi, kwa sababu kutoka ya kwanza mguu unapita juu ya frii, na mtu mvivu anafika nusu njia.

Kabla ya kukubali kufunguliwa, hakikisha fundi ametazama mkono wenye roli unaoshikilia drami ya gia kila inapozunguka. Una springi ndogo. Springi ikichoka au ikivunjika, gia yoyote inaweza kuruka, na frii za uongo zinaibuka kati ya ya tatu na ya nne, ya nne na ya tano. Kwa mashine nyingi mkono huo unafikiwa ukitoa klachi tu. Kanuni yetu ni hii: ikiruka gia moja tu, na ni ile ile kila mara, ni vidole au uma. Zikiruka kadhaa bila mpangilio, tunaanza na mkono wa roli.

Injini ikishagawanywa, gia zilizolika hubadilishwa kwa jozi, inayokula na inayoliwa, pamoja na uma iliyopinda. Kubadilisha moja tu ni kununua ugonjwa ule ule kwa awamu.

Oili ikimwagwa ina vitu vinavyong'aa. Niogope?

Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida. Hivyo ni vya gia. Chembe nyeusi au za kahawia zinazovunjika ukizifikicha ni za pleti za msuguano.

Naweza kubadilisha pleti mwenyewe nyumbani?

Unaweza, na ni kazi nzuri ya kuanzia. Laza piki upande wa kushoto juu ya gunia, petroli ikiwa imefungwa, na huhitaji hata kumwaga oili. Legeza kebo. Fungua bolti za kava, na kila moja ichomeke kwenye kipande cha katoni mahali ilipotoka, maana hazina urefu sawa. Gasketi ikiwa imeng'ang'ania, gonga kava kwa mpini wa nyundo. Usiingize bisibisi kati ya nyuso mbili.

Bolti za springi zifungue kwa kupishana, robo zamu kila moja, kama unavyofungua nati za tairi. Toa pleti moja moja ukizipanga kwa mfuatano. Pima unene wa zile za msuguano kwa venia, ile rula yenye taya za kubana: mpya kwa mashine ndogo huwa karibu milimita 3, na mashine nyingi hazikubali chini ya 2.6 au hapo karibu. Kitabu kitakupa namba kamili. Pima pia urefu wa springi zikiwa hazijabanwa. Moja ikiwa fupi, badilisha zote.

Pleti mpya za msuguano zilale kwenye oili ya injini usiku mzima kabla ya kuzifunga. Zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza, kabla oili haijazifikia. Wakati wa kurudisha, bolti za springi ni ndogo na zinaingia kwenye alumini. Nyingi zinahitaji nguvu ya kama nyutoni mita 10 tu. Hiyo ni nguvu ya kiganja, si ya bega. Tumechomoa bolti nyingi zilizokatwa na mabega.

Spea za bei rahisi zinafaa?

Springi na kebo, wakati mwingine. Pleti, nenda na venia dukani. Pima ya zamani yako, pima mpya mbele ya muuzaji, hesabu masikio, zilinganishe moja juu ya nyingine. Niliwahi kuuziwa seti ambayo pleti moja ilikuwa nene kuliko wenzake kwa nusu milimita. Klachi ilikuwa haikati hata kidogo, na nilishinda siku nzima nikiilaumu kebo.

Skrambla yangu ina klachi ya maji, haina kebo.

Hapo mafuta ndiyo yanasukuma badala ya kebo, na plei hujirekebisha yenyewe. Leva ikiwa laini na kwenda mpaka kwenye usukani, kuna hewa ndani au sili inavuja. Soma kifuniko cha kikopo kabla ya kuongeza chochote: nyingine zinatumia mafuta ya breki ya DOT, nyingine mafuta ya madini. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba.

Kila nikibadilisha gia nasikia "kata-kata" chini. Ni giaboksi?

Tazama cheni kwanza. Iliyolegea inapiga, iliyokazwa sana inavuta shafti ya giaboksi na kuua sili na beringi yake. Skrambla huhitaji ulegevu mkubwa kuliko boda, milimita 30 hadi 50 kwa nyingi, kwa sababu bembea ya nyuma inapanda na kushuka sana. Shika pia sproketi ndogo ya mbele uitikise.

Kebo ya klachi imekatika njiani, mbali na fundi. Nifanyeje?

Mara nyingi inakatika pale juu, kwenye kichwa cha risasi ndani ya leva, baada ya nyuzi moja moja kuachia kwa wiki kadhaa. Ukiwa na mazoea ya kukunja leva na kutazama hapo kila Jumamosi, na kudondoshea kebo oili nyepesi, litakupata mara chache sana. Wanaotembea mbali hufunga kebo ya pili sambamba na ya kwanza kwa tepu, tayari kuunganishwa.

Huna ya akiba? Washa ukiwa frii. Ielekeze piki njia ilipo wazi, ikiwezekana mteremko. Isukume ukikimbia kando yake, ruka juu, na mara inapotembea kwa mwendo wa mtu anayekimbia, gonga ya kwanza au ya pili kwa uthabiti. Itashtuka kisha itaenda. Kupandisha gia bila klachi ni rahisi: achilia mafuta nukta moja, pandisha, vuta tena. Kushusha ni kugumu zaidi. Gusa mafuta kidogo wakati mguu unashuka.

Panga safari yako kwa ajili ya kutosimama. Ukitokea Chemelil, matrekta ya miwa yanaingia barabarani polepole na hayana taa za kutosha, kwa hiyo acha nafasi kubwa mbele. Ikibidi kusimama, jaribu frii ukiwa bado unatembea. Ukiikosa, zima injini kwa swichi na ushike breki. Ukifika Mamboleo mchana, kibanda kiko upande wa kushoto, na nyuma ya mlango kuna msumari umejaa kebo.